Nimealikwa Krismasi kwa Wajerumani, niende na nini?

Habari wakuu. Nasoma Leipzig, mwaka wa kwanza mbali na Moshi. Bweni limebaki tupu, na mwenzangu wa darasani kanialika kwao kijijini. Huku sherehe yenyewe ni jioni ya tarehe 24: zawadi zinafunguliwa, wengi wanakula soseji na saladi ya viazi (mimi niliyezoea ndafu!). Maduka yanafungwa mchana huo, na tarehe 25 na 26 hayafunguliwi, kwa hiyo lazima ninunue mapema.

Mliowahi kualikwa, mtu anabeba zawadi kwa kila mmoja au moja ya wazazi inatosha? Bajeti haizidi yuro 30. Na nikiomba kupika pilau tarehe 25, nitaonekana najipendekeza? Viungo ninavyo, mama alinifungia.