Mtoto mwenye mahitaji maalum na kipindi cha michezo: tupeane uzoefu

Mama Pacha: Leo matatu imesimama nje ya shule moja huku Lanet. Watoto wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ukipigwa unatoka; mmoja yuko chini ya mti analinda masweta. Machozi yakanitoka. Wangu alilinda masweta mpaka gredi ya tatu. Nani mwingine?

Baba J: Masweta na chupa za maji.

Nyar Nyalenda: Kijana wangu ana usonji, filimbi humtesa. Nilimwambia mwalimu mapema, akanijibu "atazoea". Siku ya michezo, ile filimbi ya kuanza mbio ikalia karibu na sikio lake. Aliruka ua na viatu akaviacha. Saa tatu nzima tunatafuta, wengine kwenye mitaro, mimi nimeishiwa sauti. Jamaa wa boda akampata Dunga, ameketi ufuoni anahesabu mitumbwi. Alikuwa amefika 41 na hakutaka kuondoka kabla hajamaliza. Kufika shuleni, naulizwa mbona sijamfunza nidhamu!

Otis: Woi. Wewe ulifanyaje?

Mkweli Daima: Mwalimu mmoja, watoto sitini. Wapelekeni shule maalum.

Baba J: Karo ya bweni utalipa wewe?

Mkweli Daima: Nimesema ukweli tu.

Mwalimu Kakamega: Mimi niliacha filimbi, nainua bendera. Viziwi nao wanaiona. Kwa asiyeona, tulikuwa tunafunga mpira kwa karatasi ya plastiki ili usikike ukibingirika.

Otis: Karatasi zilipigwa marufuku 2017, mwalimu, utashikwa! Shonea vizibo vya soda kwenye kitambaa, ufunge mpira nacho.

Mama Pacha: Na mbio?

Mwalimu Kakamega: Kamba fupi, mwenzake ashike upande mmoja. Henry Wanyoike, mkimbiaji wetu asiyeona, alikimbia hivyo Paralimpiki ya Sydney 2000. Mwelekezi wake aliishiwa nguvu, yeye ndiye akamkokota hadi kwenye dhahabu ya mita 5,000.

Shiru Njoro: Wenye watoto wa Down syndrome, ile hali ya kuzaliwa nayo, kupinduka kichwa chini ngojeni daktari aangalie shingo kwanza.

Baba J: Wangu anapinduka kitandani kila asubuhi, utamzuia na nini?

Shiru Njoro: Daktari, Baba J. Si mimi.

Otis: Nyar Nyalenda, umetuacha Dunga.

Nyar Nyalenda: Nilimhamisha shule. Huko anacheza kati, ila yeye akipigwa na mpira hatoki. Watoto wenzake ndio waliamua.

Mama Pacha: Na yule wa boda, ulimlipa?

Nyar Nyalenda: Alikataa pesa. Omena alikubali.