Re: Muteja wa Lubumbashi hanilipe, na kontra inasema Delaware

[Dada wa Liège]
Jambo ba yaya na bandugu bote. Miye nauzishaka mashini za kushona kwa intaneti, kampuni yangu imeandikishwa apa Liège, Ubelgiji. Mwezi wa pili muteja mwenye duka ku soko Kenya, Lubumbashi mu Kongo, alikomanda mashini 8, fakture ya euro 3.200, akalipa nusu mbele, muzigo ukafika, nusu ingine mpaka leo nasikia tu mu vokali, ule ujumbe wa sauti wa simu, «kesho dada, kesho dada», na ile kesho sasa iko na miezi saba. Niko nataka kumupeleka tribinali ya apa, juu miye niko apa. Shida iko moja na naona haya kuisema: masharti ya saiti yangu nilikopia fasi moja kwa intaneti bila kusoma mpaka mwisho, kumbe mustari wa mwisho unasema matata yote itaenda kwa juji wa Delaware, Marekani. Siyakanyaga Delaware ata siku moja, na yeye pia. Nifanye namna gani?

[Yaya wa Bruxelles]
Dada, nimecheka kwanza, unisamehe. Nilisomaka sheria ku Unilu, université ya Lubumbashi, lakini siko avoka tena, chukua hii kama neno ya ndugu.

Acha kujiuliza weye uko wapi, jiulize bintu vyake viko wapi. Duka, stoki, konti ya banki, vyote Lubumbashi. Juji wa Liège ata akikupa haki, karatasi yake itatembea bila matata mpaka Ufaransa ao Ujerumani juu ya sheria ya Ulaya ya 2012, lakini ikifika Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, inasimama: inabidi uombe tena juji wa Kongo aikubali, njo banaita ekzekwatura, dosie ingine, avoka mwingine, pesa ingine. Na ile yote juu ya euro 1.600.

Kama ni miye, ningeanzia kule kule. Kongo iko mu OHADA tangu 2012, kikundi ya inchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na mule iko njia ya mufupi ya deni, amri ya kulipa. Avoka wako anapeleka ombi ku tribinali ya biashara ya Lubumbashi na fakture, ba imeli, na karatasi yenye alisaini akipokea muzigo. Juji akiona deni iko wazi anatoa amri bila kuita mutu kwanza. Yeye akipinga, njo kesi ya kweli inaanza. Na juu unaishi inje, utachagua adresi mu Lubum fasi ya kupokelea ma karatasi, mara mingi ni kwa avoka wako.

Lakini ile Delaware ni sumu. Akipata avoka mujanja atasema huyu juji hana ruhusa, musome kontra yenu. Kwa hiyo mbele ya yote umutafute muongee, alipe kidogo kidogo, lakini asaini kwamba anakubali deni na nyinyi bawili munafuta Delaware. Ikipita kwa notere, ule mwenye ruhusa ya serikali ya kuhakikisha makaratasi, na ikapata muhuri wa utekelezaji, siku akiacha kulipa unaenda kwa wisie, mutu wa tribinali mwenye kutekeleza amri, moja kwa moja, bila kesi. Usikawie: mu OHADA mashtaka ya kuuzishana bintu kati ya bafanyabiashara inakufa kisha miaka 2.

[Ndugu wa Johannesburg]
Yaya, na arbitraje, ule uamuzi wa mutu mwenye pande mbili banachagua fasi ya juji? Kongo iko mu mukataba wa New York tangu 2015, inchi zaidi ya 160 zinakubali uamuzi wa vile.

[Yaya wa Bruxelles]
Ndiyo, na ni njia muzuri sana, juu ya bale banaoagiza mashini za mugodi ku Kolwezi. Juu ya 1.600 ni kukodisha kamyo kwa kubeba sahani moja ya bukari.

[Tantini wa Kampemba]
Miye niko apa nyumbani Lubumbashi. Mwanangu, usifute vokali ata moja! Sheria ya Kongo ya numerike ya 2023 (Code du numérique) inakubali maandiko ya simu na kompyuta, lakini foto ya skrini kila mutoto anajua kuitengeneza, chunga ile simu yenyewe. Akikutumia vokali, mujibu kwa maandiko: «nimesikia unasema utalipa tarehe fulani, ni vile?» Akijibu ndiyo umemupata. Na tena, ulimuuliza juu ya nini halipe? Batu ba soko banajua kunyamaza wakikasirika.

[Dada wa Liège]
Tantini, asante, sikumuulizaka. Nimemuuliza jana. Kumbe mashini 2 zilifika gurudumu imevunjika, alinitumia foto kwa imeli siku 9 kisha kupokea, na imeli iko, ililala mu spamu. Yaya wa Bruxelles ameniambia pembeni kwamba OHADA inamupa munuzi mwezi mumoja wa kusema kasoro yenye kuonekana, basi alisema kwa wakati, miye njo sikusoma. Nimepunguza bei ya mashini 2, inabaki euro 800, atalipa mara ine. Ameitika kusaini. Mwenye anajua notere mu Lubum aniandikie miye peke yangu, namba musiweke apa mbele ya bote.