Naomba ushauri: mazoezi makali ya jimu au saa nyingi barabarani kwa triathloni ya masafa marefu?

Bandarini38
Asalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mkazi wa Mkomani, Mombasa, nina miaka 38, na kazi yangu ni ya makaratasi ya mizigo bandarini, kwa zamu, kwa hiyo muda wangu ni mchache kuliko nia yangu. Nimejiandikisha kushiriki triathloni ya masafa marefu huko Afrika Kusini baada ya wiki 16: kuogelea km 3.8, baiskeli km 180, kisha mbio za km 42.2, yote kabla ya saa 17 kwisha.

Kocha wa jimu ninayokwenda anasema kwamba kushinda kutwa barabarani ni mtindo wa zamani. Kwa maoni yake saa sita kwa wiki zinatosha, mradi ziwe kali: kunyanyua vyuma, kujivuta kwenye bomba, kuruka sanduku, na mikupuo ya sekunde 20 yenye mapumziko ya sekunde 10, kama katika utafiti wa Izumi Tabata wa Japani wa mwaka 1996. Rafiki yangu mwendesha baiskeli anasema kwamba bila saa 12 kwa wiki nitaishia kando ya njia. Ratiba yangu ni hii: jimu siku nne; Jumatano km 10 za mbio hadi Mama Ngina; Jumamosi saa nne asubuhi km 2 za kuogelea baharini Nyali; Jumapili baiskeli hadi Mtwapa na kurudi. Mwezi uliopita nilisimama siku nane, lakini nimesharudi. Nifuate njia ipi? Moyo wangu hautulii.

NahodhaTudor
Ndugu yangu, huyo kocha amekusomea nusu ya ukurasa. Utafiti wa Tabata ulidumu wiki sita, na waliofanyiwa ni vijana wanafunzi waliokuwa juu ya baiskeli ya maabara, si chini ya vyuma. Ni kweli kwamba uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda, na uwezo wa kufanya kazi bila oksijeni ya kutosha ukapanda kwa asilimia 28. Lakini hakuna aliyepimwa akiwa katika saa ya kumi ya safari, na hata vijana hao walikuwa na siku moja kila wiki ya kuendesha dakika 30 mfululizo kwa mwendo wa wastani.

Katika masafa yako mtu haangushwi na kukosa pumzi. Huangushwa na glaikojeni, yaani akiba ya sukari, iliyokwisha misulini, tumbo lililokataa chakula, na miguu ambayo haijawahi kukutana na kilomita ya 150. Kazi ya pole ya muda mrefu ndiyo inayoufundisha mwili kuchoma mafuta na kutandaza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli. Arthur Lydiard wa New Zealand aliwapa wanariadha wake takriban km 160 kwa wiki, hata Peter Snell, ambaye mbio zake zilikuwa mita 800 tu, naye akapata dhahabu katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Stephen Seiler, aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo wa uvumilivu, aliona kwamba karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Ukali una nafasi yake, lakini ni chumvi ya mchuzi.

FundiMajengo
Mimi ninajua tandiko la baiskeli, na nitasema kuhusu hilo. Nilipokuwa kijana nilibeba madafu kutoka Kilifi hadi mjini, karibu km 60, kwa baiskeli ya chuma isiyo na gia. Mwezi wa kwanza nilikuwa na nguvu za kutosha, lakini nilishindwa kukaa, viganja vilikufa ganzi na shingo ikakataa kugeuka. Hakuna aliyenifundisha dawa isipokuwa kurudi barabarani kesho yake. Ndugu yetu anaendesha hadi Mtwapa na kurudi, safari isiyofika hata saa mbili, naye anataka km 180. Isitoshe, unyevu wa hewa yetu haukaushi jasho. Linadondoka tu bila kuupoza mwili. Jizoeze kula na kunywa ukiwa juu ya baiskeli, tena juani.

MamaKibokoni
Mwanangu, mke wako amekubali? Zamu za bandarini, jimu siku nne, Jumamosi baharini na Jumapili barabarani, watoto wanakuona lini? Sikulaumu kwa kupenda mchezo. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa mpira, na nilijifunza kwamba nyumba hairidhiki kwa kupewa taarifa, inataka kuulizwa.

MuuguziMstaafu
Nimesoma yote, na kuna sentensi moja inayonikaa kooni. Ulisimama siku nane kwa sababu gani?

Bandarini38
Mama Kibokoni, mke wangu anajua kwamba ninafanya mazoezi. Mzee Nahodha, nakushukuru, ila naomba uelewe kwamba saa 12 kwa wiki sina. Bi. Muuguzi, ulikuwa uchovu wa kawaida pamoja na shughuli za nyumbani.

MuuguziMstaafu
Mtu aliyechoka hupumzika siku mbili au tatu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, mwanangu, na nauliza kwa kukujali. Mikono ilivimba? Mkojo ulikuwa wa rangi gani?

Bandarini38
Sikutaka kuliandika hili kwa sababu nilijua mazungumzo yote yatahamia huko. Siku hiyo tulijivuta kwenye bomba mara mia moja kwa kuhesabu muda, kukiwa na joto kali na feni imeharibika. Kesho yake sikuweza kunyoosha viwiko, na mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, kwa siku mbili. Nilimeza ibuprofen, nikanywa madafu kwa wingi, ukarudi kuwa wa kawaida. Kocha aliniambia kwamba mwili unatoa sumu. Sikwenda hospitali. Wiki mbili zilizopita rangi hiyo ilirudi kidogo, asubuhi moja tu.

Tafadhali msinihukumu. Nimeshalipia jimu miezi mitatu na ada ya mashindano hairudishwi. Ninachouliza bado ni kile kile: ukali au wingi?

MuuguziMstaafu
Sikuhukumu, lakini swali lako limebadilika hata kama hutaki. Hiyo si sumu inayotoka. Dalili ulizozitaja ni za misuli kuvunjika kupita kiasi, ambako madaktari wanakuita rabdomaiolisisi: chembe za misuli hupasuka, protini yake iitwayo mayoglobini huingia katika damu, na figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuichuja. Mazoezi usiyoyazoea, yaliyorudiwa mara nyingi mno kwenye joto, huileta hata kwa mtu mwenye afya. Ibuprofen inaweza kuzidishia figo taabu wakati huo huo. Hata madafu, ambayo sote tunayapenda, yana potasiamu nyingi, na misuli iliyopasuka tayari imemwaga potasiamu katika damu. Ikizidi, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Nenda kesho asubuhi. Omba wapime kimeng'enya cha misuli kinachoitwa kretini kinasi, figo, potasiamu na mkojo. Usikanyage jimu kabla ya daktari kukuruhusu. Rangi hiyo ikirudi, usingoje kukuche.

MvuviNyali
Wanajukwaa, samahani, mimi nina shaka kwamba kisa hiki kimetungwa. Ninaishi kwa bahari. Huyu bwana anasema huogelea km 2 Nyali kila Jumamosi saa nne asubuhi. Jumamosi iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na saa nne yalikuwa yameshakupwa. Nilikuwa huko nikichokoa pweza kwa miguu, na maji hayakunifika kiunoni hadi karibu na mwamba. Aliogelea wapi? Anayeogelea baharini kila wiki hawezi kupanga saa moja isiyobadilika, kwa sababu maji hayafuati saa ya ukutani. Tusimchoshe Bi. Muuguzi kwa maradhi ya hadithi.

FundiMajengo
Hilo ni swali la haki. Mleta uzi anapaswa kulijibu.

NahodhaTudor
Tusiharakishe. Mtu anayetunga hadithi hasahau maji. Huyaweka mahali panapomfaa. Mwacheni aseme mwenyewe.

Bandarini38
Nimekaa na ujumbe wa ndugu Mvuvi tangu jana usiku. Ugonjwa ni wa kweli, na namwomba Bi. Muuguzi aniamini. Ratiba ndiyo isiyo ya kweli. Niliandika ile niliyoibandika ukutani, si ile ninayoifuata. Jimu ninakwenda siku nne bila kukosa. Mbio za Jumatano nimekimbia mara tatu. Mtwapa nimefika mara moja. Baharini sijaogelea hata siku moja tangu nijiandikishe. Ninaogelea katika bwawa la hoteli moja, mita 400 kwa kupumzika ukingoni, kwa sababu ninapoacha kuona chini ya maji ninashikwa na hofu. Ndiyo maana maneno ya kocha yaliniingia. Yeye hakuhitaji niende baharini.

MvuviNyali
Basi naondoa shaka yangu, na nakuomba radhi. Hofu ya maji si aibu. Mimi nimezaliwa hapa na baba yangu alinikataza kuyadharau.

NahodhaTudor
Sasa tunaweza kushauriana. Majibu ya daktari kwanza. Akikuruhusu, anza na mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kukatika pumzi, uongeze muda kidogo kidogo kila wiki, na vyuma vibaki mara mbili kwa wiki, vyepesi, kwa ajili ya mgongo na mabega. Kuhusu wiki 16, nakuambia kwa moyo mweupe: kutoka mita 400 za bwawani hadi km 3.8 za bahari, pamoja na yanayofuata, ni kidogo mno. Tafuta mashindano ya nusu yake, km 1.9, 90 na 21.1, na ya mwaka ujao. Ada iliyopotea isikuvute ukaongeze na figo juu yake.

Bandarini38
Nimetolewa damu leo asubuhi, majibu ni kesho kutwa. Kocha nimemwambia kwamba sitakuja. Kuhusu mashindano bado sijakata shauri, Mzee, nisikudanganye.

NahodhaTudor
Jumamosi ijayo maji ni mafu, hayajai wala kupwa sana, na saa nne ile uliyoiandika ndipo yatakapokuwa yamejaa. Nitakungoja Nyali, njoo na karatasi ya majibu. Yakiwa mazuri na daktari ameridhia, tutaingia hadi kifuani, tutasimama tu. Yakiwa mabaya tutakaa mchangani.

Bandarini38
Nitakuja, inshallah. Nimemsomea mke wangu uzi wote huu jana usiku. Naye anakuja.