MJADALA: Majina kwenye mifumo ya umma, A mpaka Z iendelee au iondolewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kwa sisi tunaotengeneza tovuti, kupanga majina ni kazi ya mstari mmoja. Unaiambia kanzidata ORDER BY jina, orodha inatoka imenyooka, mteja anafurahi, unahamia kazi nyingine. Kwenye vikao vyote vya mifumo nilivyokaa sijasikia mtu akiuliza kwa nini iwe A mpaka Z. Nauliza mimi leo.

Msimamo wangu ni huu, mnipinge: A mpaka Z ni ya kumsaidia mtu atafute jina. Si foleni. Orodha ikianza kutumika kuamua nani aitwe kwanza kwenye usaili, nani aonekane ukurasa wa kwanza wa tovuti ya mafundi, nani asomewe maombi yake wakati msomaji bado hajachoka, hapo alfabeti imeshaanza kugawa haki za watu, na hakuna aliyeituma.

Msione natunga. Mwaka 1937 huko Australia, jimbo la New South Wales, chama cha Labor kilisimamisha wagombea wanne wa Seneti: Amour, Armstrong, Arthur na Ashley. Karatasi ya kura ilikuwa inafuata alfabeti. Wote wanne walishinda. Mwaka 1940 wakaamua nafasi za makundi ya wagombea kwenye kura ya Seneti zipatikane kwa kura ya bahati, na kufikia uchaguzi wa 1984 hata kura za Baraza la Wawakilishi zilikuwa zimeacha alfabeti.

Wasomi nao hawakupona. Kwenye uchumi ni kawaida walioandika makala pamoja kupangwa kwa jina la ukoo. Mwaka 2006 Liran Einav na Leeat Yariv walichapisha utafiti kuhusu idara zinazoongoza Marekani: wenye majina ya herufi za mwanzo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya kudumu. Walipogeukia saikolojia, ambako makala hazifuati alfabeti, hawakuona tofauti hiyo.

Na hata kwenye kutafuta kwenyewe tunapanga ovyo. Chukua fomu iliyotafsiriwa Kiswahili harakaharaka, shuka kwenye menyu ya nchi. Ujerumani utaikuta kati ya Georgia na Ghana. Misri iko chini ya Ekwado. Uholanzi iko jirani na Nepal. Maneno yamebadilishwa, mpangilio umebaki wa Kiingereza. Mtanzania mwenyewe hajui ajitafute wapi, kwa sababu orodha ya ISO, shirika la viwango la kimataifa, inatuweka T, neno Tanzania likitangulia na Jamhuri ya Muungano ikifuata baada ya mkato, wakati Umoja wa Mataifa unatuweka U, United Republic of Tanzania. Ndugu zetu wa Kongo ndio kabisa, leo C, kesho D.

Karibuni.

Fundi Msimbo

Mkuu, umechanganya mambo mawili. Menyu ya nchi ni uvivu wa developa, haina haja ya mjadala: ukimaliza kutafsiri, panga upya, imekwisha. JavaScript, lugha ya kuandikia tovuti, ina amri ya localeCompare inayolinganisha maneno kwa kanuni za lugha, na kanzidata za MySQL na PostgreSQL zote zina kanuni za kulinganisha maneno unazochagua mwenyewe. Anayetumia amri ya sort() tupu ndiye anayepata "asha" wa herufi ndogo chini ya "Zuhura", kwa kuwa mashine inalinganisha namba za herufi: Z kubwa ni 90, a ndogo ni 97. Na 10 inatangulia 9 kwa sababu hiyo hiyo, imezisoma kama maneno. Haya ni ya wiki ya kwanza darasani.

Hoja ya foleni ndiyo naikataa. A mpaka Z ndiyo orodha pekee ambayo mwananchi wa kawaida anaikagua kwa macho. Kama jina la Juma limewekwa juu ya la Hamisi, mtoto wa darasa la tatu anajua kuna mtu amechezea. Ukimletea orodha ya kubahatisha, atajuaje kama imebahatishwa kweli au shemeji wa bosi amepandishwa kimyakimya? Kwa hali yetu ilivyo, mimi nachukua upendeleo wa herufi kuliko upendeleo wa watu.

Mwisho Daima

Jina langu la kwanza Z, la ukoo Z. Nikifika dirishani fomu zimeisha. Naunga mkono hoja, ushahidi wa Australia sikuuhitaji.

Nyar Kisumu

Fundi, hiyo ya kusema upendeleo wa herufi si upendeleo wa watu haisimami huku kwetu Kenya. Kwa Wajaluo binti aliyezaliwa asubuhi ni Atieno... hapana, Atieno ni wa usiku, wa asubuhi ni Akinyi, na kaka zao ni Otieno na Okinyi. Adhiambo na Odhiambo, Achieng na Ochieng, vivyo hivyo. Panga darasa kwa jina hilo uone: dada wote ukurasa wa kwanza, kaka zao nyuma ya akina Njoroge. Wakalenjin nao, Kiprono yuko K, Cherono yuko C. Ukienda kwa jina la ukoo, Wanjala, Waweru, Wekesa na Were wanafunga mkia kila siku.

Sisemi kuna njama. Nasema karani akikata orodha pale namba 50, hakukata herufi, amekata watu wa mahali fulani au jinsia fulani bila kujua. Halafu mtu akilalamika, anaambiwa mfumo ndio ulivyopanga.

Karani Mstaafu

Vijana, mnagombania alfabeti kabla ya kukubaliana ni jina lipi mnapanga.

Nimeshika rejista miaka mingi. Mtu wa hapa ana majina matatu: lake, la baba, na la tatu ambalo kwa mmoja ni la ukoo, kwa mwingine ni la babu tu. Ndugu wa tumbo moja wanakuja na majina ya mwisho tofauti. Mama akiolewa, la tatu linabadilika kwenye kitambulisho ila kwenye cheti cha shule liko vilevile. Fomu inasema "jina la ukoo" kana kwamba kila mtu analo. Na ukipanga kwa hilo la tatu, Tanzania Bara herufi M inaelemewa: Mushi, Massawe, Minja, Masanja, Magesa, na akina Mwakyusa na Mwaipopo wote kutoka Mbeya.

Isilandi walikuwa wanapanga kitabu cha simu kwa jina la kwanza, kwa sababu la pili kwao mara nyingi ni la baba tu, na hawajaanguka. Sisi tuko karibu na wao kuliko na Waingereza walioturithisha fomu. Mtu anamtafuta Rehema, aanzie R.

Jambo jingine, wekeni kisanduku cha cheo peke yake. Watu wanaandika Dkt., Mwl., Alhaji, Bi. ndani ya jina, mwisho madaktari wote wanajikuta D.

Mzaliwa wa Pwani, Muscat

Shikamoo mzee. Huku Oman jina la ukoo likipangwa bila akili, orodha yote ni A: Al Barwani, Al Busaidi, Al Harthy, Al Riyami. Mmoja ameandika Al na nafasi, mwingine kistari, mwingine ameunganisha. Mashine inawatenganisha watu wa ukoo mmoja kama hawajuani. Mifumo iliyotengenezwa vizuri inairuka hiyo Al wakati wa kupanga, ila inaionyesha kwenye skrini.

Dada Takwimu

Nakazia la Muscat kwa mfano wa Ng'. Kina Ng'ang'a kwenye jedwali moja wanaweza kukaa sehemu tatu. Aliyeandika kwa ritifaa iliyonyooka, ile ya kibodi ya kompyuta, namba yake ni 39, ndogo kuliko za herufi zote, kwa hiyo anatangulia Ngare. Aliyeandika kwa baadhi ya simu janja au programu za kuandikia nyaraka, anaweza kuwekewa ritifaa iliyopinda, ambayo Unicode, orodha ya kimataifa ya namba za herufi, imeipa 8217, basi anatupwa chini kabisa baada ya Ngwiri. Wa tatu amechoka na mifumo inayokataa ritifaa, ameandika Nganga, yuko katikati. Kwa macho wawili wa kwanza hutawatofautisha. Karani anashuka, anamkuta mmoja, anadhani mwingine hakusajiliwa.

Na ipo ile ya nafasi iliyobonyezwa kabla ya jina. Haionekani, lakini inampandisha mtu juu ya akina Abdallah wote. Kuna waliokwisha kuligundua hilo kwenye tovuti za matangazo, wanalitumia kwa makusudi.

Dawa ninayoijua: jina la kuonyesha libaki kama mwenyewe alivyoliandika, halafu iwepo safu ya pili ya kupangia tu. Humo unatoa vyeo, unapunguza nafasi, unageuza ritifaa zote kuwa moja, unaruka Al. Mtumiaji haioni. Fundi anasema haya ni ya wiki ya kwanza darasani. Kama ni ya wiki ya kwanza, mbona yamejaa kwenye mifumo iliyolipiwa fedha za umma?

Mleta mada

Dada Takwimu, asante, safu ya pili iandikwe kabisa kwenye masharti ya zabuni. Na mzee Karani nakuunga mkono, jina la kwanza.

Nyar Kisumu amenisemea kuliko nilivyosema mwenyewe. Nirudi kwa Fundi kuhusu ukaguzi, maana hiyo ndiyo hoja nzito. Kubahatisha si lazima kufichwe. Umoja wa Mataifa, kila mwaka kabla ya kikao cha Baraza Kuu, huchotwa jina la nchi moja. Nchi hiyo inakaa kiti cha kwanza, nyingine zinafuata kwa alfabeti ya Kiingereza kuanzia hapo, Z ikiisha wanarudi A. Kila mtu ukumbini anaweza kuhakiki kwa macho, na hakuna anayekuwa wa kwanza maisha yake yote. Kwenye tovuti ni mistari michache: chota herufi, itangaze juu ya orodha, "leo tunaanzia N", panga kuanzia hapo. Mtoto wako wa darasa la tatu bado anakagua.

Fundi Msimbo

Hapo umenivutia, ila hesabu yako ina tundu. Ukichota herufi, Q na X mara nyingi hazina watu kwetu. Ikitoka Q, anayeanza ni wa R. Ikitoka R, anayeanza ni wa R. Kwa hiyo akina Rashidi na Rehema wamepewa tiketi mbili, na wa Y vivyo hivyo kwa sababu ya X, wengine moja moja. Na aliye wa mwisho ndani ya M hataanza milele, kwa sababu kila M ikichotwa anatanguliwa na akina Maganga.

Mleta mada

Tundu nimeliona. Basi tusichote herufi, tuchote mtu. Orodha ina watu 312, inachotwa namba kati ya 1 na 312, aliyeshika namba hiyo ndiye wa kwanza, alfabeti inaendelea kutoka kwake. Kila mmoja ana tiketi moja. California walikwenda njia nyingine kwenye karatasi zao za kura: wanachota herufi zote 26 moja baada ya nyingine, inapatikana alfabeti mpya kwa uchaguzi huo. Hiyo inavunja hata ule ujirani wa kudumu, kwamba Otieno yuko nyuma ya Njoroge karibu siku zote. Lakini kuikagua kwa macho ni kazi, lazima uwe na ile alfabeti mpya mkononi. Kwetu mimi nachagua namba.

Nyar Kisumu

Namba ichotwe kabla dirisha la maombi halijafungwa au baada?

Dada Takwimu

Baada. Ikichotwa kabla, mtu anajua ajiandikishe kwa tahajia ipi ili aangukie pazuri. Mohamed, Muhamadi na Mohammed zote ni halali kwake.

Fundi Msimbo

Sawa. Kwa usaili na kwa kurasa za matangazo ya kazi za watu, nakubali namba. Orodha ya waliochaguliwa, ya wapiga kura, ya wanafunzi waliopangiwa shule, hizo msiziguse. Pale mtu anatafuta jina lake akiwa na wasiwasi, kwenye simu ya kioo kidogo, kifurushi kinaisha. Mpe A mpaka Z na kisanduku cha kutafutia juu yake.

Karani Mstaafu

Namba hiyo ichotwe mbele ya waombaji wenyewe, isiwe ofisini jioni. Ibandikwe mlangoni siku hiyo hiyo pamoja na orodha nzima, kwa sababu si kila aliyeomba ana intaneti. Na orodha ikishabandikwa, asiongezwe mtu. Enzi zetu tulikuwa tunapiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho. Ninyi wa kompyuta mstari wenu mwekundu ni upi?