HKUST-1: fuwele ni nzuri, kwa nini eneo la uso ni dogo?

Mwulizaji
Habari wanamaabara. Natengeneza HKUST-1, yaani kiunzi cha shaba na asidi chenye vitundu vidogo mno, kwa nitrati ya shaba, asidi ya trimesiki, ethanoli, maji na kiyeyusho cha DMF, siku nzima kwenye oveni ya 85 °C. Kwenye hadubini fuwele zina nyuso nane safi, na mionzi ya eksi inathibitisha ndiyo yenyewe. Vumbi lilikuwa linaziba mrija, kwa hiyo nilikandamiza unga kuwa vidonge vya milimita 13, tani 5. Nikavipasha 120 °C kwa saa 3 bila ombwe. Kipimo cha gesi ya nitrojeni kinanipa eneo la uso la mita za mraba 640 kwa gramu. Nilitarajia zaidi ya 1,500. Nimerudia mara nne. Nakosea wapi?

Mjibu wa kwanza
Vilipotoka kwenye joto vilikuwa rangi gani?

Mwulizaji
Samawati ileile, labda imefifia kidogo.

Mjibu wa kwanza
Basi vitundu bado vimejaa. Kila jozi ya shaba imeshika molekuli mbili za maji. Zikiondoka, unga hugeuka zambarau iliyokolea mbele ya macho yako. Na DMF huchemka 153 °C, kwa hiyo 120 bila ombwe haiitoi. Loweka unga kwenye methanoli siku tatu ili ichukue nafasi ya DMF, ubadilishe asubuhi na jioni, halafu ombwe na 150 °C usiku kucha. Mimi siupeleki kupimwa mpaka nione ile zambarau. Ukishaiona, usifungue tyubu: unyevu wa hewa huirudisha samawati upesi mno.

Mjibu wa pili
Nakubali, ila mimi vidonge ndivyo vinaniuma zaidi. Tani 5 juu ya milimita 13 ni zaidi ya megapaskali 350! Kiunzi ambacho sehemu kubwa yake ni uwazi kitabomoka tu. Mionzi ya eksi uliipiga kabla ya kukandamiza, sivyo? Piga tena kwenye kidonge. Vilele vya mchoro wake vikiwa vimetanuka na kufifia, utajua kiunzi kimebomoka. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge walikausha jeli ya HKUST-1 polepole ikawa kipande kigumu bila kuigandamiza kabisa. Kwako ningejaribu hiyo.

Mwulizaji
Ni kweli, niliipiga kabla. Unga usiokandamizwa uko kwenye methanoli tangu jana, na tayari methanoli ya kwanza nimeimwaga.