Tupeane uzoefu: Vita ya Kagera, ya 1978–79 kati yetu na Amin wa Uganda, ilikukuta wapi?

Mtoto wa Mpiganaji: Juzi fataki za harusi zimelia jirani, mzee wangu akajitupa chini ya meza, chai ikamwagikia mgongoni. Vitani alikuwa upande wa Mbarara, kwenye kikosi cha Brigedia Mayunga. Hajawahi kutusimulia hata siku moja. Wenye kumbukumbu leteni, na mniambie nimsaidieje.

Betri Juani: Nilikuwa Dodoma, darasa la tano. Redio moja, nyumba kumi. Mchana tunaanika betri juani, saa mbili usiku kimya, Redio Tanzania (RTD) inasoma habari. Baba alichora ramani ukutani kwa mkaa. Januari jeshi letu limeteka Mutukula, Februari 24 Masaka, kesho yake Mbarara. Kila mji ukitajwa, anasogeza mshale.

Mwanamwanza: Sisi Machi 1979 Amin alituletea ndege. Mabomu yakaua swala kwenye kisiwa cha wanyama cha Saa Nane.

Mzalendo 79: Ile ndege, Tupolev, ilikuwa ya Gaddafi wa Libya, Amin angeitoa wapi?

Mwanamwanza: Ulikuwepo? Nililala mtaroni mimi!

Ng'ambo ya Mto: Nyinyi mlisikia redioni. Sisi tulikuwa karibu na Mutukula, nina miaka tisa. Mizinga ilianza kulia alfajiri, mwisho wa Oktoba. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akamfungua mbuzi kamba, akasema twende. Bibi akakataa. Alikaa chini ya mibuni kwenye mkeka, kahawa yake haijakauka. Akasema mimi mtu mzima, watanifanya nini.

Tulipita migombani mpaka daraja la Kyaka, tukavuka mto Kagera. Watu wamebeba magodoro, sufuria, wagonjwa kwenye machela. Sikuachia kanga ya mama. Novemba 3 tukasikia daraja limelipuliwa, na bibi yuko ng'ambo. Mama akakaa chini palepale barabarani.

Tuliporudi, mabati yamebebwa, milango imebebwa. Mkeka tuliukuta. Bibi hatukumwona tena, hata kaburi hatuna.

Betri Juani: Pole sana, dada yangu.

Mzalendo 79: Pole dada. Mwanamwanza, yaishe.

Mwanamwanza: Yameisha. Pole, waitu.

Mke wa Mstaafu: Mwanangu, usimlazimishe mzee. Wangu nilimuuliza, akawa halali wiki nzima.

Kaboya Kila Julai: Mimi nasema mpeleke Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa. Baba yangu alifungua mdomo pale, akaanza kutaja wenzake mmojammoja.

Mzalendo 79: Mtafutie wazee wenzake wacheze bao. Wataongea wenyewe. Na fataki mtaani zipigwe marufuku!

Mtoto wa Mpiganaji: Asanteni. Nimemsomea mzee habari ya dada wa ng'ambo ya mto. Kanyamaza kitambo, kisha kasema: walipovuka Kagera Novemba ile, usiku mbuzi walikuwa wanawafuata nyuma, wamezoea watu. Wakawa wanawafukuza kwa mawe wasije wakapiga kelele. Kauliza mbuzi wenu alikuwa rangi gani.

Ng'ambo ya Mto: Mwambie shikamoo. Mweusi, ana baka jeupe shingoni.