Tupeane uzoefu: mliokaa apatimenti, maisha yalipobadilika nyumba ilikubali au ilikataa?

Mgosi wa Kange:
Wakuu salaam. Nina kiwanja Kange hapa Tanga, si mbali na stendi, na baada ya kusuasua miaka mingi nataka kupandisha jengo la apatimenti nane za kupangisha. Mchora ramani kaniletea mchoro wa kwanza, mzuri kweli, kila moja vyumba viwili kimoja masta, sebule, jiko la wazi, hakuna uani hakuna baraza. Nikamwonyesha mama mdogo, akaugeuza karatasi huku na huku akaniuliza, "Sasa humu mtu akizeeka anakaa wapi?" Nikacheka ila usiku sikulala vizuri.

Maana mimi nimekulia Ngamiani, nyumba ya korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, nyuma uani kuna jiko, choo na karo la kufulia. Kaka alipooa akapewa chumba cha mbele, alipohama kikapangishwa, bibi miguu ilipomshinda akahamishiwa cha nyuma karibu na choo, na hakuna ukuta uliobomolewa hata mmoja. Siku hizi wengi hapa mjini wanajenga kwa kumlenga mgeni wa bandarini na wa bomba la mafuta la Chongoleani, huyo anataka AC na paking basi. Mradi ukiisha anayebaki ni nani kama si familia za hapa hapa? Naomba simulizi jamani, ushauri wa jumla ninao wa kutosha.

Binti wa Raskazone:
Kaa chini nikuhadithie. Nilipanga floo ya tatu sina mume sina mtoto, asubuhi unafungua dirisha upepo wa bahari wote wako, raha mustarehe. Nikaolewa tukabaki humo humo, akaja wa kwanza akaja wa pili, mikoba ya sokoni na mtoto mgongoni, bado nasema ni mazoezi. Kasheshe ikaja baba mkwe alipopata kiharusi tukamchukua akae kwetu ili awe karibu na hospitali ya Bombo kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Ndo nikazihesabu zile ngazi, 54, na kila kipandio kirefu sijui fundi alikuwa anabana zege au vipi. Siku ya kliniki tunakodi vijana wawili wanambeba kwenye kiti cha plastiki, mmoja mgongo wa kiti mmoja miguu, na yeye mtu mzima aliyekuwa nahodha wa jahazi anaangalia juu tu asikutane macho na majirani. Mwisho akawa anasema leo sijisikii kwenda. Tukadhani ugonjwa umezidi kumbe aibu ya ngazi.

Mungu alipomchukua ndo nikajua nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya watu wanaokufa. Bafu letu wawili hawapishani, wa kuosha wataingilia wapi? Ikabidi apelekwe Makorora uani kwa shangazi. Jeneza nalo likagoma kwenye kona ya floo ya pili, likarudishwa chini, marehemu akateremshwa na mkeka mikononi mwa watu, wanangu wanaangalia kwenye mlango. Turubai tukafunga barabarani maana kiwanja chote cha chini ni magari ya wapangaji na mmoja alikuwa kasafiri na funguo. Kwa hiyo mgosi, mwambie mchora ramani wako apitishe jeneza kwenye hiyo ngazi akiwa bado na penseli mkononi.

Kipande cha Nazi:
Pole sana dada. Mi langu dogo. Nilikuwa Chumbageni floo ya kwanza juu, chini yangu kijana anafanya kazi za usiku, mchana ndo analala. Nilipohamia tulikuwa mimi na mume wangu, nazi nanunua ya pakiti, hakuna kelele. Wakwe wakaja kukaa, mama mkwe hali nazi ya pakiti wala viungo vya kopo, kila siku saa nane mchana mbuzi ya nazi na kinu, du! du! du! kwenye tailizi. Kijana akapanda mara ya kwanza kwa heshima shikamoo mama, mara ya pili hakusalimia. Tukahamishia kinu chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya jengo na hapo ndo wamama wote wakaanza kushuka, mmoja anachambua mchele mwingine anamsuka mwanawe, watu niliokaa nao mwaka mzima siwajui majina. Baadaye mwenye nyumba akaukata mwembe akapata paking tatu. Kinu kikarudi juu, kijana akahama, na sisi hatukuchukua muda tukahama.

Spana Mkononi:
Mimi fundi, naongea ya fundi. Niliitwa Mikanjuni, familia imepanga apatimenti mbili zilizopakana, watoto wamekuwa wakubwa wanataka kutoboa ukuta wa katikati wapate mlango. Kufika nagonga, ukuta wa tofali uliobeba slabu ya juu yote, nikasema hapa sitii nyundo. Nyumba ya pili mtaa huo huo walikuwa wamesimamisha nguzo na mihimili, kuta za ndani hazikubeba kitu, nikatoboa siku moja na siku wakihama mwenye nyumba anaziba anapangisha mbili tena. Gharama ya nguzo utaiona kubwa mwanzoni usiogope.

Vingine haraka haraka. Kipandio kisizidi sentimita 17, mzee anapanda bila kuvuta ukuta. Milango ya chini weka upana wa sentimita 90, choo usisahau, watu wanapanua mlango wa mbele halafu kiti cha magurudumu kinakwama chooni. Njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili, yaani msingi ukiinuka sentimita 45 unahitaji mita 5.4 za mteremko, kwa hiyo kama kiwanja hakina maji yanayotuama usiinue msingi kwa sifa. Na kama una wazo la kuja kuziuza mojamoja, soma sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, ngazi, paa na ua vinakuwa mali ya pamoja ya wenye nyumba wote, tanki likivuja mnachanga.

Jirani wa Luku:
Kila apatimenti mita yake ya umeme tafadhali!! Tulikuwa wawili kwenye mita moja, tunachanga nusu kwa nusu mambo safi, mwenzangu akaachishwa kazi akaanza kuuza barafu na juisi, friza inanguruma usiku na mchana. Simlaumu, alikuwa anatafuta ada ya watoto, lakini mi ndo nililipia barafu za mtaa mzima. Na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo humo ukinunua umeme wa LUKU, nayo tukagombana.

Pedeli:
Mmeongea yote mmesahau baiskeli, na hii ni Tanga jamani. Kwetu zipo sita zimefungwa kwenye reli ya ngazi, usiku ukishuka bila tochi unakumbatiana na hendeli.

Mgosi wa Kange:
Nimesoma zote, ya dada wa Raskazone nimeisoma mara mbili. Nimempigia mchora ramani, nikamwambia chini pale palipokuwa na apatimenti mbili za mbele aache moja tu, ya mtu asiyepanda ngazi, mlango 90 mpaka chooni, na nafasi inayobaki iwe baraza na uani wenye karo, kinu kitatulia huko. Akaniambia mzee unapoteza kodi ya apatimenti nzima. Nikamwambia na ngazi apanue. Akakaa kimya kidogo akasema basi hiyo ni ramani mpya, inalipiwa upya.

Kipande cha Nazi:
Hahaha mlipe tu. Sasa mgosi, hiyo ya chini kodi shilingi ngapi, na unachukua miezi sita au mitatu mitatu? Mama mkwe wangu bado anatwanga.